Suma Aliyefua Pazia

Mtoto wa ndugu yangu, yule anayevaa tai na kufanya kazi katika kampuni kubwa ya jijini, alikuja nyumbani msimu wa kukumbuka wafu. Akakaa barazani anakula tikiti na kunisimulia mambo ya ofisini kwao. Akasema wamenunua kampuni nyingine, na wamelipa kupita thamani ya majengo na mashine zake.

"Hiyo ziada ya nini?" nikamuuliza.

"Ya pazia, shangazi."

"Pazia la rangi gani?"

Akacheka mpaka mbegu ya tikiti ikampalia. "Shangazi nawe! Hakuna pazia lolote. Ndivyo tunavyoita. Ni lile jina zuri la kampuni, imani ya wateja, mambo ambayo huwezi kuyashika kwa mkono."

Huwezi kuyashika! Mimi nimelishika. Nimelitundika asubuhi na kulishusha jioni, mwaka baada ya mwaka, na najua uzito wake likiwa kavu na uzito wake likinyeshewa. Hawa vijana wakisema "fulani amegawiwa pazia" wanamaanisha tajiri amemruhusu mfanyakazi wake wa siku nyingi afungue duka lake mwenyewe kwa jina lile lile la tajiri, na wateja wamwamini kwa jina hilo. Maana ni hiyo, hawajakosea. Ila wanaisema kwa midomo tu. Mimi nilikuwapo siku mkasi ulipopita kwenye kitambaa. Basi naandika habari za Suma, na ambaye hapendi mwandiko wangu aache kusoma.

Duka letu liliitwa Urokoya, yaani Nyumba ya Magamba, na tulichouza ni mkunga wa kuchoma, samaki wa mtoni mrefu kama nyoka, ambaye ukimpapasa huoni gamba hata moja. Wateja hawakuchoka na mzaha huo, walirithishana baba kwa mwana. Mlangoni palining'inia pazia: vipande vitano vya kitambaa kizito kilichotiwa nili, vimeshonwa pamoja kwa juu na kuachwa wazi kwa chini, na cha katikati kina pembetatu nyeupe, alama ya nyumba. Likiwa nje, tumefungua. Likishushwa, tumefunga.

Babu yangu alianza na kibanda pale gatini, ziwani Biwa, pasipo maji ya kunawa. Wateja wake, wapiga makasia, walikuwa wakimaliza kula wanafuta vidole kwenye pazia huku wanatoka. Baba yangu, Denbei, alipojenga duka lenye maji na vitambaa vya mkono, watu waliendelea kufuta vilevile. Ilikuwa ndiyo njia yao ya kumwambia mpishi ahsante. Pindo lote la chini lilikuwa jeusi, gumu kama ngozi ya viatu, linang'aa kwa mafuta na sosi ya soya. Mgeni aliyepita mtaani kwetu hakuuliza wapi wanapika vizuri. Alitazama mapindo, akaingia palipo peusi zaidi.

Suma alikuja mwaka wa ishirini na nane wa enzi ya Showa, miaka minane baada ya vita kuu, mwezi wa saba, joto limetanda. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita kutoka milima ya Iga. Mumewe alifukiwa na udongo ulioporomoka akiwa anakata kuni. Alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Baba alimchukua wa kuosha bakuli. Mimi, Nobu, binti wa duka, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa najiona.

Siku yake ya nne akaniuliza, "Bi Mdogo, lile pazia la mlangoni hufuliwa lini?"

Nikamtazama. Kwao kulikuwa na duka moja tu, la chumvi na mafuta ya taa, na kitambaa kichafu kilikuwa kitambaa kichafu. Neno moja lingetosha kumwambia. Nikasema, "Kwani wewe unaliona safi?"

"Hapana, Bi Mdogo."

"Haya basi."

Nikapanda zangu juu kuchana nywele. Nilitaka kichekesho. Nilidhani atafika nalo kisimani, mtu atapiga ukelele, tutacheka siku nzima, yameisha.

Suma aliamka alfajiri kabla ya watu wote. Alilichemsha pazia kwa maji ya majivu, akalikanyaga kwa miguu juu ya mawe, akalisuuza mtoni, akalianika. Tulipoamka lilikuwa linapepea uani, buluu kama siku lilipotoka kwenye pipa la nili. Unaweza kusema lilikuwa zuri. Hakuna aliyethubutu kusema.

Tomezo, mpishi wetu mkuu, alitoka na kisu mkononi. "Miaka thelathini na moja!" akapiga kelele. "Mwanamke wa milimani ameosha miaka thelathini na moja kwa majivu!"

"Lilikuwa chafu," Suma akasema kwa sauti ndogo.

"Chafu! Mnasikia? Chafu! Basi na sosi yetu kamwage, nayo ni nyeusi!"

Baba alishuka, akalishika pindo, likamdondoshea maji mkononi. Akakaa chini pale kizingitini, mahali ambapo kwetu mtu hakai. Na mimi niliyejua nikanyamaza.

Hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya Siku ya Ng'ombe, siku ya joto kali ambayo kila mtu mjini lazima ale mkunga. Pazia jingine hatukuwa nalo. Tukalitundika hilohilo. Watu wakaja kwa makundi kama kila mwaka, wakafika mbele ya mlango, wakasimama, wakanong'onezana, wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Walidhani duka limeuzwa. Bibi mmoja aliingia akamuuliza baba, akimtazama usoni kabisa, "Samahani, mzee Denbei alifariki lini?"

"Bado anajitahidi," baba akamjibu.

Rikimatsu, fundi wa mashua, mteja wetu wa miaka ishirini, aliingia bila kuuliza kitu. Akala kama kawaida. Akashukuru kama kawaida. Alipofika mlangoni akainua vidole vyake vya sosi kwenye pazia, akaiona ile buluu, akavishusha. Akajifuta kwenye suruali yake mwenyewe, akaenda zake.

Hapo ndipo baba aliposimama. Wateja wachache walikuwa bado wamekaa. Akamwita Suma mbele yao, chini ya pazia.

"Mfukuze, Bwana Mkubwa," Tomezo akasema.

"Nikimfukuza litarudi?" Baba akamgeukia Suma. "Sikiliza, wewe. Hutoki humu mpaka pazia hili lirudi lilivyokuwa. Na siku utakayolirudisha, nitakugawia pazia!"

Watu wakaangua kicheko, kwa sababu alilisema kama mtu anavyosema siku ziwa litakapokauka. Katika nyumba yetu pazia liligawiwa mara moja tu, tena kwa mwanamume aliyetumika miaka ishirini na tano. Mwanamke hakuruhusiwa hata kusimama mbele ya makaa. Baba mwenyewe akacheka kidogo, kwa uchungu.

Suma hakucheka. Aliinama mpaka nywele zikagusa sakafu. "Nimesikia, Bwana Mkubwa."

Vicheko vikaisha. Neno la mfanyabiashara lililosemwa chini ya pazia lake, mbele ya watu wenye bakuli zake mikononi, halirudishwi. Baba alijua. Tomezo alijua. Wale wateja walijua, na usiulize kama walilitangaza.

Sasa pazia unalichafuaje? Jibu la Suma kwa swali hilo ndilo lililonifanya nimwogope kuliko yote. Siku moja Tomezo alimwekea mbele bakuli la sosi na brashi. "Paka, bi mkubwa. Saa moja tu umemaliza. Nani atajua?"

Suma akasukuma bakuli pembeni. "Hilo litakuwa doa, kaka Tomezo. Siyo mkono wa mtu."

"Basi utangoja mpaka uote ndevu."

"Nitangoja."

Alielewa kitu ambacho sisi tuliozaliwa mle ndani tulikuwa tumeshakisahau. Mtu hafuti kidole kwenye pazia kwa kuwa pazia lipo. Anafuta kwa kuwa amekula na nafsi yake imeridhika. Kwa hiyo njia ya kufika kwenye pazia ilipita jikoni. Miaka miwili alibeba makaa. Alijifunza lipi linawaka kwa hasira na lipi linawaka kwa subira, akawa anayapanga kabla Tomezo hajaomba. Mwaka wa tatu bega la Tomezo likakaza kwa baridi, akashindwa kupepea. Akasema bila kumtazama, "Pepea wewe. Samaki usiguse." Suma akashika kipepeo cha kuchochea makaa.

Nilikuwa napita na sinia la achari, nikasimama. Nimekulia kwenye sauti ya kipepeo, sikuwahi kuisikiliza. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikia mafuta yanavyodondoka kwenye makaa. Yakilia haraka anapunguza upepo, yakinyamaza anaongeza, moshi unazunguka samaki na kumwacha bila kumuunguza. Tomezo aliacha kukata. Alikaa na kisu hewani kama mtu aliyesahau alikuwa anafanya nini.

Mchana ule Rikimatsu alikuja. Akala nusu, akainua kichwa. "Nani anapepea leo?"

"Wa milimani," Tomezo akasema, kama anayetema mfupa.

Rikimatsu akainamia bakuli tena. Alimaliza, akashukuru, akatoka. Tukasikia pazia limetikisika, likashikiliwa kidogo zaidi ya kawaida, ndipo likaachiliwa. Tukakimbilia nje wote, baba na Tomezo na mimi. Kwenye kipande cha nne, chini, palikuwa na alama ya kidole. Ndogo, kama punje ya maharage, ya kahawia. Watu wazima watatu tukasimama barabarani tunatazama punje ile, na wapita njia wanatutazama sisi. Suma alifika wa mwisho. Hakuigusa. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akapumua polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Baada ya hapo ilikuja ya pili, baada ya wiki tatu. Kisha ya tatu. Mimi sikuwa na haja ya kuhesabu, lakini kila nilipolishusha pazia jioni macho yangu yalikwenda yenyewe. Suma alipepea miaka mitano. Kisha Tomezo akampa kisu, kwa matusi, na kumwonyesha kumpasua mkunga tumboni jinsi tunavyopasua upande wetu huu, mkato mmoja kutoka shingoni mpaka mkiani bila kuinua mkono. Kisha mishikaki, vidole vyake vikajaa matundu. Kisha akasimama mbele ya makaa yeye mwenyewe, mwanamke, na hakuna mteja aliyesema kitu maana midomo yao ilikuwa imejaa. Hakuomba chochote. Hakuwahi kumuuliza baba, "Je, limefika?" Sote tulijua deni lile la neno linaning'inia mlangoni, linakuwa jeusi polepole, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha kusema leo limerudi lilivyokuwa. Baba angeweza kusema bado mpaka afe. Tomezo alimwambia mbele yangu, "Atasema bado mpaka afe, na wewe unajua." Suma akamjibu, "Mkunga wako anaungua, kaka."

Aliyetoa kipimo alikuwa mtu tusiyemtarajia. Mwaka wa kumi na nne alikuja afisa wa afya, kijana mstaarabu mwenye miwani na mkoba. Alitazama jiko akasifu. Alitazama kisima akasifu. Akafika mlangoni, akalishika pindo la pazia kwa ncha za vidole viwili, akalinusa, akaandika. Akampa baba karatasi: pazia la mlangoni ni chafu kupita kiasi, liondolewe ndani ya siku saba.

Baba aliisoma mara mbili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Nobu! Tomezo! Njooni msome. Serikali yenyewe imeandika! Chafu kupita kiasi, na muhuri umepigwa!" Akamshukuru yule kijana, akamwinamia, akamfungia mikunga wawili wa kwenda nao nyumbani. Kijana alikwenda anageuka nyuma kila hatua.

Baba alipomaliza kucheka akasema, "Mwiteni Suma. Na mkasi."

Tukalishusha pazia mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea Urokoya ila kwenye msiba. Tukalitandaza juu ya mkeka. Rikimatsu alikuwapo, mzee sasa, na wateja wengine wawili. Pindo lilikuwa jeusi, gumu, linang'aa. Weusi ule haukutoka kwa mtu mmoja. Ulikuwa mikono ya mji mzima, mmoja mmoja, kwa miaka kumi na minne, na kila mmoja alikuwa ameshiba.

Tomezo akasema, "Bwana Mkubwa, mimi lazima niseme." Uso wake ulikuwa umeiva. "Kupika anapika. Ananishinda, nakubali, mniue. Lakini huyu ndiye aliyelifua. Aliyelizika jina la nyumba hii atapewaje jina alibebe? Wenzetu mtaani watasema nini?"

Baba akasita na mkasi mkononi. Nikaona anasita, na nikaona Suma anatazama mkeka, na yote aliyoyajenga yamesimama juu ya neno moja ambalo nililimeza nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Baba," nikasema, "siku ile, mimi ndiye..."

"Nililifua mimi," Suma akanikata. Hakuwahi kunikata maneno hata siku moja. Hakunitazama. "Kaka Tomezo amesema kweli. Mikono iliyofua ni hii. Na iliyolichafua tena ni hiihii. Kama kuna mwingine aliyefanya vyote viwili, apewe yeye."

Tomezo, yule mzee mkaidi kuliko mimi, alipiga magoti, akashika ncha moja ya pazia, akaivuta mpaka ikanyooka, ili mkasi upite vizuri.

Baba akaonyesha kipande cha nne, kile cha Rikimatsu, cheusi kuliko vyote. "Chukua hiki."

"Hapana, Bwana Mkubwa. Nipe kile cha mwisho, cha upande wa ukutani."

"Cha ukutani?" baba akashangaa. "Hicho hakijaguswa na mtu! Hakina kitu!"

"Kimetoka pipa moja na hivyo vingine," Suma akasema. "Hivi ni wateja wako. Siwezi kuondoka na mikono ya watu wako. Wangu watakuja."

Rikimatsu akajipiga paja. "Nimezeeka bure," akasema. "Sijawahi kuona mtu anapewa mlo akaomba sahani."

Mkasi ukapita. Ulilia kama unakata karatasi nene. Baba alimkunjia kile kipande kwa mikono yake miwili, akampa pamoja na chungu kidogo cha sosi yetu, na yeye, Bwana Mkubwa, ndiye aliyeinama kwanza.

Suma alifungua duka lake ng'ambo ya mto Seta, mbali kiasi cha kutogombania wateja, kama desturi inavyotaka. Aliliita Urokoya. Alishona kipande chetu pamoja na vipande vinne vipya. Habari zilikuja na wapita njia, kwamba watu wanapanga foleni, kwamba afisa wa afya wa upande ule ni mteja wake na huwa anasahau miwani nyumbani. Mto una daraja na mimi nina miguu, lakini sikwenda. Miaka tisa sikwenda. Baba alifariki, Tomezo akamfuata, na mimi nikakataa kila mtu aliyetaka kulichukua duka, nikafunga mlango mwenyewe. Vipande vinne vya pazia viko kabatini mpaka leo.

Kisha siku moja ya vuli nikajikuta darajani.

Nililiona kutoka mbali. Kile kipande cha ukutani, kile kisicho na kitu, sikuweza kukitambua. Pindo lilikuwa jeusi moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na miguu yangu ikasimama yenyewe kama mbele ya hekalu. Niliingia. Suma alikuwa mbele ya makaa, nywele zimeingia mvi, macho yamefumba.

"Karibu, Bi Mdogo," akasema kabla hajayafumbua. Mimi mwanamke wa makamo, miguu inauma, bado Bi Mdogo.

Nilikula mpaka punje ya mwisho ya wali. Hatukuongea habari za zamani. Yeye hakuuliza, na mimi si mtu wa maneno hayo. Nikashukuru, nikasimama.

Binti wa duka la mkunga hafuti vidole kwenye pazia. Hiyo ni kazi ya wateja. Sisi wa ndani tuna maji. Sikuwahi kufanya hivyo maishani, hata kwetu. Nilipofika mlangoni nikakishika kipande cha pembeni, kile nilichodhani ndicho chetu, nikavifuta vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, vyote kumi.

Nyuma yangu kipepeo kikanyamaza. Kisha kikaanza tena.